Fundi Aliyeziamkia Kompyuta

Kabla ya kuiwasha kompyuta ya zamani, Fundi aliiamkia. Alivua kofia yake ya kitambaa, akaiweka juu ya goti, akainama kidogo kama mtu anayeingia nyumbani kwa mkwe, akasema, "Shikamoo, nang'olo." Nang'olo kwa Kimakonde ni mzee. Kisha alibonyeza swichi na kutega sikio. Ikilia mlio mmoja mfupi, alirudisha kofia kichwani. "Ameitikia," alisema. Ikilia milio mitatu, au mlio mrefu usiokatika, alisema nang'olo ana malalamiko, akachukua bisibisi. Isipolia kabisa alikaa kimya na kofia yake gotini, na wewe uliyekuwepo ulitakiwa kukaa kimya vilevile, kwa sababu mkubwa akiamkiwa asiitikie, hilo si jambo la kuchekea.

Mimi siku ya kwanza nilicheka mpaka mkono wangu mbovu ukauma.

Jina lake sitalitaja. Sikulisahau. Lilitajwa mahali ambapo halikustahili kutajwa, na mmoja wa waliosaidia hilo ni mimi, kwa hiyo nimeshalitumia vya kutosha. Wengine nitawataja. Na mimi nitajitaja zamu yangu ikifika.

Naanza na Hemedi Namkoko, mwenye lori. Mimi nilikuwa utingo wake. Tulikuwa tunashusha korosho kutoka Newala kuja Masasi, na kila mtu aliyelijua lile lori alijua breki zake. Tulimwambia. Akasema, "Mteremko mnashuka kwa gia, breki za nini?" Siku lori lilipotushinda, dereva alikufa, na vijana wawili waliokaa juu ya magunia walikufa. Mimi niliamka hospitali na mkono wa kushoto unaoning'inia kama shati kwenye kamba. Watu wanapenda kuniambia Mungu alinibakiza. Sawa. Lakini wale watatu waliondolewa na Hemedi Namkoko, tusimsingizie Mungu. Polisi nilieleza yote, nani alisema nini, siku gani, mpaka karani akachoka kuandika akaanza kuitikia tu kwa kichwa. Hemedi alirudi nyumbani jioni ileile. Hapo nilijifunza kwamba kusema yote hakumsaidii mtu. Shule niliishia la saba na mengi yalinipita, ila somo hilo nililishika.

Fundi alinikuta nimekaa kwenye baraza ya kibanda chake, karibu na stendi ya Newala, nikijikinga na upepo. Upepo wa kule juu unaujua mwenyewe, unaingia mpaka kwenye meno. Alitoka na kompyuta mikononi, akanitazama.

"Una mkono mmoja?"

"Ninayo miwili, Mzee. Mmoja haufanyi kazi."

"Unaofanya kazi ni wa kulia?"

"Ndiyo."

"Basi shika blashi."

Nikashika brashi. Sikuambiwa pole, sikuulizwa ajali ilikuwaje. Nilikuwa nimeulizwa ajali mara nyingi sana, na waliouliza walikuwa wakitazama mkono, siyo mimi.

Kazi yangu ilikuwa vumbi. Msimu wa kupuliza mikorosho, unga wa salfa unaingia kila mahali, kwenye maji, kwenye unga wa muhogo, kwenye matundu ya kompyuta. Ukiifungua mashine iliyokaa ofisini miaka kumi unakuta ndani manjano kama imepakwa rangi. Mimi nilipiga brashi, kisha nikapuliza kwa pampu ya baiskeli niliyoikanyaga chini kwa miguu, nikiisukuma kwa mkono mmoja. Fundi alichomoa ramu, vile vijiti vinavyoshika kumbukumbu, akasugua meno yake kwa kifutio cha wanafunzi, polepole, kama anamsafisha mtoto masikio. Nusu ya mashine zilizoletwa zimekufa zilifufuliwa na kile kifutio. Hakuwaambia wenyewe. Waliambiwa tu waende, wamefanyiwa kazi.

Na watu alikuwa hawapendi, nisiseme uongo. Upole wote aliugawa kwa vyuma. Karani mmoja aliingia na kompyuta yake mgongoni, amefunga kwa kanga ya mkewe.

"Fundi, hii imekufa."

"Mmeizika lini?"

"Hatujaizika."

"Basi ni mgonjwa. Msiwe na halaka ya matanga."

Mwenye mashine mpya hakumtazama. "Huyo mtoto mpeleke kliniki," alisema, na kuendelea na kazi. Wateja walimvumilia kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza, na yeye alilijua hilo, tena alilipenda. Alikuwa anapenda kusifiwa kuliko anavyopenda chai. Ukimsifu alikunja uso, halafu baada ya muda anauliza, "Umesema nini pale? Sikusikia vizuri."

Alikuwa na redio nyumbani kwake, imekufa tangu sijamjua. Mkewe, Mama Somoe, ambaye aliniita kwa jina la mwanangu, alinambia mbele yake, "Baba Upendo, huyu anafufua maiti za wenzie, ya kwake inanuka." Fundi akasema redio ile haijaombewa ruhusa ya kuamshwa. Sijui alimaanisha nini. Hakuitengeneza.

Tulitaniana, yeye Mmakonde, mimi Mmakua wa Masasi. Kimakonde chake hakina r, kwa hiyo kila r ikifika mdomoni mwake inakuwa l. Nilikuwa namwambia, "Mzee, sema raia." Anasema, "Laia." Nacheka. Anajibu, "Nyie Wamakua mnazo nyingi. Mmezifanyia nini?" Ila kwenye kuandika mambo yaligeuka. Utotoni alichapwa sana kwa kuandika l panapotakiwa r, kwa hiyo alipoandika, kila l aliyoitilia shaka aliifanya r, kwa hofu ya fimbo ambazo mwenye kuzichapa alishakufa. Risiti zake zilisomeka "mbere" na "saraam". Kumbuka hilo, linakuja.

Shule ya kata moja upande wa Masasi, sitaitaja, ilikuwa na kompyuta kumi na mbili za msaada. Zilikuwa na mfumo wa zamani sana, na mafundisho mapya yaliyoletwa yalikataa kufunguka humo. Fundi aliitwa. Akasema atakuja kwa sharti moja, mlinzi wa chumba cha kompyuta awe mimi. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya getini, na funguo, na koti lenye mifuko minne. Sikuomba. Aliniombea mtu asiyependa watu.

Kazi yenyewe mafundi wanaita kupiga windo, yaani kuiwekea kompyuta mfumo upya. Windo mpya ilikuwa kwenye flashi. Ukiichomeka kwenye zile kompyuta, inazunguka, inakupa matumaini, halafu inaandika kwamba mashine hii haikidhi vigezo. Fundi alinieleza hivi. Ndani ya mashine mpya kuna kidude cha usalama, na mashine yenyewe iko kwenye orodha ya waliozaliwa karibuni. Za kwetu hazina kidude, na kwenye orodha hazimo. "Mlangoni wameweka mgambo," alisema. "Anauliza cheti cha kuzaliwa."

"Kwa hiyo haiwezekani."

"Anauliza cheti. Hajauliza nguvu."

Alikuwa amesikia kuna njia. Pale mashine inapokataa, unarudi nyuma hatua moja, unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, inafunguka dirisha jeusi, na humo unaandika maneno fulani kwa Kiingereza ya kumwambia mgambo asiulize. Maneno alisomewa na mpwa wake wa kike aliyeko Mtwara, kwa simu, neno kwa neno, naye akayaandika kwenye boksi la chaki huku ile simu yake ndogo ikiwa imebanwa begani.

Siku tatu alijaribu. Siku tatu mashine ilikataa. Alifuta, akaandika tena, akaangalia boksi, akaangalia skrini. Siku ya tatu adhuhuri alikosa swala, na huyo hakuwa mtu wa kukosa swala. Mkuu wa shule, Mwalimu Fabiani, alipita dirishani akasema, "Mzee, nilishawaambia hizo ni chuma chakavu." Alisema kwa furaha. Wakati ule sikujiuliza furaha ya nini.

Mimi nilikuwa nasubiri amalize nifunge. Nikatazama lile boksi. Kiingereza sijui. Lakini kuna neno moja lilianza na RAB, na mimi kila jioni nilifunga mlango mmoja, jirani na chumba chetu, ulioandikwa kwa rangi nyekundu herufi kubwa tatu. Nilikuwa nimezitazama zile herufi kila siku nikizungusha ufunguo. Maabara.

"Mzee, huyo mpwa wako alisema rab au lab?"

"Alisema lab. Lakini yule ni Mmakonde mwenzangu. Akisema l, najua anataka l." Alimaanisha r.

"Mzee, twende nje."

Tukasimama mbele ya mlango wa maabara, mimi na mkono wangu, yeye na boksi lake. Akasoma. L, A, B. Halafu akarudi ndani karibu kukimbia, akaandika upya kwa L, akabonyeza. Mgambo hakuuliza kitu. Windo mpya ikaanza kuingia kwenye nang'olo yule, asilimia moja, asilimia mbili, na Fundi akanigeukia akasema, "Mmakua, leo l zenu zimefanya kazi." Akimaanisha r. Au l. Tulicheka hadi mwalimu wa darasa la jirani akaja kutunyamazisha. Sijawahi kusifiwa hivyo, kabla wala baada.

Niliwahi kumuuliza, "Mzee, huku siyo kudanganya?" Maana alikuwa mtu asiyedanganya hata bei.

"Kaulizwa nini?"

"Kaulizwa kama ana kile kidude."

"Hakuulizwa kama anaweza kazi. Anayeuliza swali la kijinga asilaumu jibu."

Maneno hayo niliyapenda. Baadaye niliyatumia vibaya.

Alivyofanya kazi ni hivi, nieleze polepole kwa sababu kesi ilitokea hapa. Mashine moja peke yake haikuwa na nguvu ya kubeba mfumo mpya. Kwa hiyo alizichangisha. Hii inatoa ramu, ile inatoa diski, inasimama moja. Katika kumi na mbili aliamsha saba, na tano zikabaki maganda. Vile vipande vilihitaji kusuguliwa na kujaribiwa kwenye vyombo vyake, na vyombo vilikuwa Newala. Kila Ijumaa alitoka getini na mfuko wa rambo una vipande ndani, akapanda basi. Kila Jumatatu alirudi na mfuko uleule. Mimi niliandika kwenye kitabu cha getini kwa mwandiko wangu wa la saba: ametoka na hivi, amerudi na hivi. Yeye ndiye aliyenilazimisha kuandika. "Andika," alisema, "nisije nikaitwa mwizi." Alisema akicheka.

Mashine ya saba ilipoamka ilikuwa haitoi sauti. Fundi akasema, "Huyu mzima, ila hana deleva wa sauti." Mafundi wanaita hivyo programu ndogo inayoendesha kifaa. Mimi nikasikia dereva, nikakaa chini. Yeye akaniangalia, akaacha kazi, akatoka nje akaniletea maji. Hakuuliza. Tangu siku hiyo hakulitumia tena neno hilo mbele yangu, akawa anasema "muongozaji". Mtu asiyependa watu.

Sasa Mwalimu Fabiani. Kabla Fundi hajaitwa, Fabiani alikuwa ameshaandika barua ya kusema kompyuta zote kumi na mbili ni chakavu, hazitengenezeki, zinaombwa mpya. Barua ilikuwa na muhuri. Fundi aliitwa ili aseme ameshindwa, basi. Saba zilipoamka, barua ikawa uongo wenye muhuri. Na mwenyekiti wa bodi ya shule, Rashidi Chikoti, alikuwa ameshawatangazia wazazi mkutanoni kwamba mpya zinakuja kwa juhudi zake. Wakatafuta njia ya kutoka. Njia waliyoiona ni zile tano zilizobaki maganda. Nani amezichomoa matumbo?

Asubuhi ya kikao cha bodi Fabiani aliniita ofisini. Karatasi ya mkataba wangu ilikuwa mezani, haijasainiwa.

"Baba Upendo, utaulizwa maswali machache. Jibu unachoulizwa. Mlinzi hana maoni."

"Sawa, Mkuu."

Nikaingia kwenye kikao. Kitabu cha getini nilikuwa nacho, nimekipakata mapajani chini ya koti. Fundi alikuwa amekaa benchi la mbele, peke yake. Chikoti akaanza.

"Mlinzi. Umewahi kumwona mzee huyu akitoka getini na mfuko?"

"Nimewahi."

"Mara ngapi?"

"Kila Ijumaa."

"Ndani ya mfuko kulikuwa na nini?"

"Vifaa vya kompyuta."

"Vya nani?"

"Vya shule."

Fundi akanigeukia. Hakukasirika. Alivua kofia yake, akaiweka juu ya goti, akatega sikio. Mimi peke yangu mle ndani nilijua maana yake. Alikuwa anasubiri sentensi ya pili. Kila Jumatatu alirudisha. Maneno matatu tu, na yameandikwa hapa mapajani kwa mkono wangu.

"Asante, mlinzi," Chikoti alisema. "Kaa."

Nikakaa.

Fundi alisubiri kidogo zaidi, kama anavyosubiri nang'olo aliyechelewa. Halafu akarudisha kofia kichwani.

Nilijifariji kwa maneno yake mwenyewe. Sikudanganya. Niliulizwa swali la kijinga, nikalijibu. Nilijiambia pia kwamba kwa polisi nilisema yote na haikusaidia. Wiki nzima nilijiambia hivyo, na Fabiani alisaini mkataba.

Hawakumshitaki. Hawakutaka kesi, walitaka neno tu, na neno lilipanda mlima haraka kuliko basi. Stendi ya Newala wakaanza kumwita Mzee wa Mfuko. Wateja wa maofisi wakaacha kuleta mashine zao, wakahofia matumbo. Mama Somoe akaacha kwenda kwenye ngoma za wanawake, maana wimbo wa mfuko ulishatungwa. Kompyuta saba zilizoamka zilichomolewa na kurundikwa stoo pamoja na zile tano, juu ya mifuko ya salfa ya shamba la shule. Mpya hazijaja hadi leo. Wanafunzi wanafundishwa kompyuta kwa mchoro ubaoni. Mkataba wangu ulipoisha haukuandikwa mwingine. Fabiani alihamishwa kwa kupandishwa cheo. Chikoti ukikutana naye atakusalimia vizuri sana.

Nimemtaja Hemedi Namkoko, Fabiani na Rashidi Chikoti. Wa nne ni Ernesti Namahala, baba yake Upendo, mlinzi, ambaye ni mimi. Hemedi angalau aliua watu wasiomfanyia wema wowote.

Mwaka huu, msimu wa kupuliza, shule iliita wanunuzi wa vyuma chakavu waje kusafisha stoo. Nikaenda kuomba mashine moja. Wakaniuliza ya nini, nikasema ya kukalia. Wakacheka, wakanipa. Nilichagua ileile ya LAB. Nikaitia kwenye gunia, na kitabu cha getini, ambacho sikukirudisha siku ya kikao wala baadaye, nikakiweka juu yake. Nikapanda basi la Newala. Kwenye mteremko ule nilifumba macho kama kawaida, ingawa tulikuwa tunapanda.

Kibanda cha stendi kina mtu mwingine, anauza vifuniko vya simu. Fundi nilimkuta nyumbani, barazani, ana meza ndogo na vyombo vyake, miwani imefungwa kwa uzi. Amekonda. Mama Somoe alikuwa anamenya mizizi ya ming'oko, akaniona, akainua beseni lake akaingia ndani.

"Shikamoo, Mzee."

Hakuitikia.

Nilisimama. Gunia lilikuwa zito kwa mkono mmoja. Mwishowe nikalitua chini nikatoa kitabu, nikakifungua kwenye kurasa zile, nikakiweka mezani mbele yake. Ametoka. Amerudi. Ametoka. Amerudi. Akakisoma bila kukigusa.

"Hiki kilitakiwa kusomwa kule," alisema. "Hapa hakuna bodi ya shule."

"Najua, Mzee."

"Unajua sasa."

Akakifunga, akanirudishia. Kisha akaona gunia. Akalivuta kwake, akaitoa mashine, akaifungua. Salfa ilikuwa imejaa mpaka kwenye feni. Hakunitazama, ila alinyoosha mkono akaniwekea brashi kwenye ukingo wa meza upande wangu wa kulia. Nikaichukua. Nikafuta, nikapuliza kwa pampu, ileile, mpini wake umefungwa mpira mpya. Yeye akachomoa ramu akasugua kwa kifutio, muda mrefu. Ndani Mama Somoe alikuwa amesimama nyuma ya pazia, niliona miguu yake.

Fundi akaunganisha nyaya. Akaweka kidole karibu na swichi, halafu akakiondoa, akavua kofia, akaiweka gotini.

"Mwamkie," alisema.

"Mimi?"

"Wewe ndiye mgeni."

Sikucheka. Niliinama kama alivyokuwa akiinama yeye. "Shikamoo, nang'olo," nikasema. Nikabonyeza.

Feni ikazunguka. Ukapita muda. Halafu ukaja mlio mmoja, mfupi.

Fundi akarudisha kofia kichwani.

"Yeye amekuitikia," alisema.